Machicha ya kahawa kwenye kabro: mbona simiti inakataa kushika?

kabro_kariobangi

Habari zenu mafundi. Natengeneza kabro (matofali ya zege ya kutandika uani na njiani) za unene wa milimita 60 kwa meza ya kutikisa, hapa Kariobangi, Nairobi. Mikahawa mitatu ya Kilimani na Westlands inanipa machicha ya kahawa bure, ndoo tatu za lita 20 kila siku, yakiwa bado na maji. Mchanganyiko wangu wa kawaida ni ndoo 1 ya simiti, ndoo 2 za mchanga na ndoo 3 za kokoto ndogo. Nimetoa sehemu moja ya kumi ya mchanga nikaweka machicha yaliyoanikwa juani siku moja. Kabro za kawaida zimetoka kwenye moldi kesho yake bila shida. Zile za machicha, leo siku ya tatu, bado zinakwaruzika kwa ukucha, pembe zinamomonyoka, na maji ya kumwagilia yanachuruzika yakiwa na rangi ya hudhurungi. Simiti ni ya daraja la nguvu 32.5, mfuko uleule.

Nasikia Australia wameongeza nguvu ya konkriti kwa karibu asilimia 30 kwa kutumia kahawa. Wao wanafanya nini ambacho mimi sifanyi? Na je, kinafanyika kwa pipa la lita 200 au ni mambo ya maabara tu?

mhandisi_wa_vifaa

Ndugu, shida si kipimo chako. Machicha mabichi hayafai kugusa simiti kabisa, hata kwa asilimia 2.

Hayo maji ya hudhurungi unayoyaona ndiyo jibu lenyewe. Kahawa iliyokwisha kupikwa bado ina tanini, asidi na vitu vya jamii ya sukari. Simiti ikikutana na maji hutoa chokaa kali, na chokaa hiyo huvikamua vitu hivyo kutoka kwenye machicha kuliko hata maji ya moto ya mkahawani yalivyovikamua. Vikishatoka, vinaigandama chembe ya simiti kama utando na kuizuia isinywe maji. Ili uone ukali wake: sukari ya kawaida ya gramu 25, yaani vijiko vitano au sita vya chai, ikiingia kwenye mfuko wa kilo 50, inachelewesha kushika kwa saa kadhaa. Ikifika gramu 100 na kuendelea, simiti inaweza isishike kabisa. Wewe umeweka machicha sehemu moja ya tano ya ndoo kwa kila ndoo ya simiti.

Kuna jambo la pili. Machicha yana mafuta, kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake yakiwa makavu. Chembe yenye mafuta haishikani na simiti. Kwa hiyo hata ukingoja wiki mbili na simiti ikashika hatimaye, utakuwa na kabro yenye maelfu ya vitobo vilivyojazwa kitu laini kinachovimba kikilowa na kusinyaa kikikauka. Usiziuze hizo ulizotengeneza. Hata njia ya miguu haziifai.

Walichofanya watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, Melbourne, katika kazi iliyotoka 2023 (kiongozi wa kikundi ni Rajeev Roychand), ni kuyageuza machicha kuwa makaa kwanza. Waliyachoma bila hewa kwa nyuzi 350 za Selsiasi, kisha wakaweka makaa hayo mahali pa asilimia 15 ya mchanga, kwa ujazo. Nguvu ya kubana ikapanda kwa asilimia 29.3 kuliko konkriti ya kulinganishia. Walijaribu pia makaa ya nyuzi 500, na hayakufikia ya 350. Moto ukizidi, chembe inakuwa na matundu mengi mno, inavunjika kirahisi ndani ya konkriti.

Kuchoma kunaondoa sukari, tanini na mafuta, na kinachobaki ni punje ya kaboni yenye vitundu vidogo. Vitundu hivyo vinahifadhi maji wakati wa kuchanganya na kuyaachilia polepole simiti ikiendelea kukomaa, kama vile unamwagilia kabro kutoka ndani. Faida hiyo haipatikani kwa makaa yaliyoungua nusu, wala kwa yale yaliyogeuka majivu. Majivu ni kitu kingine kabisa.

Naomba usikie hili pia kwa uzito wake: kabro, vifuniko vya mitaro, njia za miguu, sawa. Nguzo, mihimili na slabu za ghorofa, hapana, mpaka mchanganyiko wako wenyewe upimwe na mhandisi auwekee sahihi. Jiji hili limezika watu wa kutosha chini ya majengo yaliyojengwa vibaya. Ghorofa lililoanguka Huruma, Aprili 2016, halijasahaulika. Hao Australia wenyewe walianza na njia ya miguu, kule Gisborne katika jimbo la Victoria, mwaka 2024.

tanuri_la_ruiru

Pipa linawezekana, lakini si kwa namna watu wanavyochoma makaa ya miti. Machicha ni unga. Ukijaza pipa unga na kuwasha moto nje, unga wa pembeni unajikinga na kuikinga sehemu ya katikati. Ukuta unafika nyuzi 600, katikati bado kuna mvuke. Ukifungua utapata kila kitu mle: majivu karibu na bati, makaa mazuri kidogo, na katikati machicha ya rangi ya chokoleti ambayo yatakuharibia simiti vilevile kama mabichi.

Anza na ukavu. Machicha yakitoka mkahawani, kitu kama asilimia 60 ya uzito wake ni maji. Yatandaze kwenye turubai jeusi kwa unene wa sentimita 2, uyageuze kwa reki kila saa mbili. Januari na Februari siku mbili zinatosha. Julai, hili wingu la Nairobi likikaa wiki nzima, yataota ukungu mweupe na kijani kabla hayajakauka, kwa hiyo yanyanyue kwenye vitanda vya wavu chini ya karatasi ya plastiki ya kitalu, hewa ipite juu na chini. Yako tayari yakimiminika kati ya vidole kama mchanga mkavu bila kushikana. Ukiyapeleka motoni yakiwa na maji, kuni zako zote zitaishia kuchemsha maji.

Kwa kuchomea kuna njia mbili. Ya kwanza ni trei: chomelea visanduku vya bati la milimita 2, kimo cha sentimita 5, vifuniko vibane, na upande mmoja toboa tundu la milimita 8 la kutolea gesi. Panga visanduku ndani ya pipa la lita 200 vikiwa vimeachana kwa vipande vya nondo ili joto lizunguke. Unga wa sentimita 5 unapikwa sawasawa. Sentimita 15 haupikwi.

Ya pili ndiyo naipenda zaidi: pipa dogo la kuzunguka, limelazwa juu ya moto, lina mhimili na mkono wa kuzungushia, na ndani lina mapezi matatu ya bati ya kuinua unga na kuuangusha. Ukiwahi kuona mashine ya kukaangia kahawa, ni hiyohiyo, ila hii imezibwa. Mhimili wa upande mmoja uwe bomba la inchi moja, gesi itokee humo, uielekeze irudi chini kwenye moto. Gesi hiyo inawaka. Inapoanza kuwaka vizuri unaweza kupunguza kuni, na moshi unaosumbua majirani unapungua.

Joto usilikadirie kwa macho. Nunua thamokapo (kipimajoto cha waya) aina ya K yenye kisomeo, ncha iingie katikati ya unga na wala isiguse bati. Kuanzia nyuzi 200 utaona moshi mzito wa manjano. Karibu na 300 gesi inawaka kwa nguvu na joto linaweza kupanda lenyewe bila kuongeza kuni. Hapo ndipo wengi wanapita 350 hadi 450 bila kujua, kwa hiyo ikifika 300 vuta kuni nje, acha lijipandishe. Lishikilie kati ya 340 na 360 mpaka gesi ifife na moshi ubaki mwembamba.

Kisha ziba tundu la gesi kwa udongo na uache mpaka kesho yake. Nasema kesho. Makaa mapya ya unga yakipata hewa yakiwa na joto yanawaka yenyewe, wakati mwingine saa kadhaa baada ya kumwagwa, ukiwa umeshayatia kwenye gunia la nailoni ndani ya stoo. Na usichomee ndani ya chumba. Gesi ile ina monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na inaua.

Kujua kama yameiva: weka vijiko viwili vya makaa kwenye chupa ya glasi yenye maji moto, tikisa, acha usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa cheupe. Maji yakitoka kama ya bomba, yameiva. Yakitoka na rangi ya chai ya rangi, hata iliyofifia, yarudishe motoni.

kabro_kariobangi

Shukrani sana, wakuu. Hilo jaribio la chupa nimelifanya sasa hivi na machicha yangu yaliyoanikwa, maji yamekuwa meusi ndani ya dakika kumi. Sasa nimeelewa.

Nauliza vipimo. Ndoo tatu kwa siku zitanipa makaa kiasi gani, na zinatosha kabro ngapi? Tena makaa ni mepesi, naogopa meza ikitikisika yataelea juu kabro zitoke na uso mweusi.

zege_na_namba

Karibu kaka. Tupige hesabu pamoja, nawe ubadilishe namba ukishapima za kwako.

Ndoo ya lita 20 ya machicha mabichi ina kama kilo 12, kwa hiyo una kilo 36 kwa siku. Ondoa asilimia 60 ya maji, zinabaki kilo 14 hivi. Kwa nyuzi 350 inabaki karibu theluthi, yaani kilo 4.5 hadi 5 za makaa. Lita moja ya makaa hayo, bila kushindiliwa, chukulia gramu 350. Una lita 13 au 14 kwa siku.

Mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) una takriban lita 440 za mchanga kwa mita moja ya ujazo ya konkriti. Asilimia 15 yake ni lita 66. Hiyo ni kazi ya siku tano za ndoo zako. Kwa kabro za milimita 60, mita ya mraba moja inakula lita 60 za konkriti, kwa hiyo makaa lita 4. Mchanganyiko wako una mchanga zaidi kidogo kuliko 1:2:4, ongeza hadi lita 5. Kwa hesabu hiyo mikahawa yako mitatu inakupa kabro za karibu mita tatu za mraba kwa siku, si zaidi.

Asilimia 15 hupimwa kwa ujazo. Ukipima kwa uzito utaweka makaa mara nne zaidi, maana lita ya mchanga ni kilo moja na nusu na zaidi. Kosa hilo ni jepesi kulifanya na linaua mchanganyiko wote.

Kuhusu kuelea, hofu yako ina msingi. Makaa makavu yana hewa ndani, na mchanganyiko ukiwa majimaji yanapanda juu meza ikianza kutikisika. Yaloweke siku moja kabla, yamwagie maji karibu sawa na uzito wake, funika. Asubuhi yawe yameloa lakini yasidondoshe maji. Hali hiyo fundi anaijua kwa mkono: ukifinya gao, kiganja kinalowa lakini hakuna tone linaloanguka. Yakiwa hivyo yamekuwa mazito, hayaelei kirahisi, na pia hayatanyonya maji ya simiti. Ukiyaweka makavu yatakunywa maji ya mchanganyiko ndani ya dakika tano, fundi wa koleo ataona umekuwa mgumu na atachota kopo lingine la maji, na hapo nguvu yote uliyoitafuta imekwisha.

Chekecha makaa kwa wavu wa milimita 5 kuondoa mabonge, na usiyasage yawe vumbi. Unataka ukubwa wa mchanga.

Kabla ya kabro hata moja ya kuuza, fanya michemraba ya milimita 150, sita ya kawaida na sita ya makaa. Kwa kila kundi la sita unahitaji, kwa 1:2:4: simiti kilo 7.5, mchanga lita 10.3, kokoto lita 20.6, maji lita 4. Kundi la makaa: mchanga lita 8.8 na makaa yaliyolowekwa lita 1.5. Maji ya kuchanganyia yabaki lita 4 kwa makundi yote mawili. Changanya vikavu kwanza, simiti na mchanga na kokoto, halafu makaa, halafu maji. Jaza moldi kwa tabaka tatu, kila tabaka lishindiliwe kwa fimbo ya chuma mara 35. Toa kesho yake, tumbukiza kwenye maji safi.

Vunja mitatu ya kila kundi siku ya 7, mitatu siku ya 28. Maabara ya vifaa ya serikali iliyoko Industrial Area inavunja, na vyuo vikuu vyenye uhandisi vinavunja pia. Mchemraba ukivunjika kwa kiloniutoni 450, nguvu yake ni niutoni 20 kwa milimita ya mraba. Usikate tamaa siku ya 7 ikiwa ya makaa imelingana tu na ya kawaida. Yale maji yaliyojificha ndani ya makaa yanafanya kazi kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo namba ya 28 ndiyo ya kuiangalia. Lakini siku ya 7 ikiwa chini kwa robo au zaidi, makaa hayakuiva, rudi kwenye chupa.

taka_ni_mali_nrb

Naunga mkono yote, ila pesa nayo itajwe, maana vijana wengi wanaingia humu wakidhani wataokoa gharama ya mchanga. Lita 66 za mchanga ni kama kilo 100. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya lori linalotoka Machakos au Kajiado. Kuni, bati, thamokapo na siku mbili za kuanika zinakula zaidi ya hapo. Ukitegemea bei ya mchanga peke yake, hasara.

Hesabu inageuka kwa njia mbili. Moja, michemraba yako ikionyesha nguvu imepanda kweli, unaweza kupunguza simiti kidogo kidogo, labda asilimia 5 kwanza, ukipima kila mara, mpaka urudi kwenye nguvu ileile ya mwanzo. Simiti ndiyo pesa. Mbili, usichukue machicha bure, ulipwe kuyabeba. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inamtaka anayezalisha taka atenganishe zinazooza na zisizooza, na mkahawa unaolipia gari la taka kwa uzito unabeba maji mengi kwenye hayo machicha. Kilo 36 kwa siku ambazo haziendi kuoza kwenye jaa la Dandora na kutoa methani ni huduma, na huduma ina bei yake. Ila ukianza kulipwa, wewe sasa ni msafirishaji wa taka, kachukue leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla hujasimamishwa barabarani. Na moshi wa tanuri Kariobangi, katikati ya nyumba za watu, utakuletea malalamiko. Fanyia hiyo kazi ya kuchoma kwenye kiwanja cha nje ya mji.

udongo_na_moto

Kwa wale ambao hawataki kuchoma makaa kabisa, kuna njia mbili nyingine nazitaja kwa ufupi. Kwenye matofali ya udongo ya kuchoma, machicha makavu yanaweza kuingia mabichi, kwa kuwa udongo haushiki kwa simiti. Yanaungulia ndani ya tanuri na kuacha vitundu, tofali linakuwa jepesi na linazuia joto vizuri, lakini nguvu inashuka. Anza na asilimia 3 hadi 5 ya uzito, na upandishe moto polepole, maana machicha yakiwaka ghafla yanapasua tofali na kuacha kiini cheusi.

Nyingine ni ya barabara. Chuo Kikuu cha Swinburne, hukohuko Melbourne, kikundi cha Arul Arulrajah kilikausha machicha kwenye oveni ya nyuzi 50 kwa siku tano, wakachekecha, wakachanganya sehemu 7 za machicha na 3 za slagi (taka iliyoyeyuka) ya tanuri la chuma, wakatia maji ya alkali na kushindilia. Ikatoka imara ya kutosha kuwa tabaka la chini ya barabara. Angalia, hapo hakuna simiti ya kawaida. Alkali hiyo inaunguza ngozi na macho, glavu na miwani ni lazima, na si kazi ya kumpa kibarua wa siku.

kabro_kariobangi

Nimeelewa, naanza na trei na michemraba 12. Swali la mwisho kwa dada wa namba: nikishatumbukiza yote kwenye tanki moja, makaa hayataathiri ile ya kawaida?

zege_na_namba

Yakiwa yameiva, hapana. Lakini tumia mapipa mawili tofauti hata hivyo, ili ukiona maji ya pipa la makaa yamebadilika rangi siku ya pili au ya tatu, ujue mapema bila kungoja 28. Na kila mchemraba uuchore kwa msumari konkriti ikiwa bado mbichi: tarehe, K (kawaida) au M (makaa), namba 1 hadi 6. Usiandike kwa chaki wala kalamu ya rangi. Maji ya wiki nne yanafuta zote.